Karanga za Mama Nyemo

Kitabu nilikipata Sabasaba, chini ya rundo la madaftari,
jalada limekatika pembe, jina la mwandishi limeliwa na mchwa.
Hadithi kumi na mbili za kutisha. Shilingi mia saba.
Muuzaji akacheka: "Dada, hiki usikisome ukiwa peke yako."
Nami nimepanga chumba kimoja Nkuhungu;
peke yangu ndiko ninakoishi.

Nikahesabu siku. Toka tarehe ishirini,
hadithi moja kila usiku, nimalizie mkesha wa Watakatifu Wote,
usiku ule ambao wenzetu wa mbali, nasikia,
huchonga boga likaota meno, wakalitia mshumaa tumboni.
Sechelela, mama mwenye nyumba, nilipomweleza,
alilitazama boga lake la mwisho, akanitazama mimi,
akaendelea kukata.
"Meno tunayo sisi," akasema.

Oktoba ya hapa haihitaji msaada wa kutisha.
Upepo unashuka Mlimwa na vumbi jekundu,
unalilaza kitandani kwangu kama mgeni asiyeaga.
Bati lina msumari mmoja uliolegea.
Umeme nao hukatika kwenye sentensi mbaya kabisa:
*akageuka, na nyuma yake*
nikakaa gizani na hiyo nyuma yake
mpaka saa nane.

Usiku wa nne ndipo nikagundua.
Ukurasa wa mwisho haupo. Hadithi ya tano, vilevile.
Mtu kachana taratibu, kwa rula, bila hasira.
Mshona sanda wa Kondoa kabaki na sindano hewani.
Bi harusi ananawa mikono, hana wa kumpa taulo.
Na kule Mvumi, ndani ya kisima, mtoto bado anaita,
hakuna aliyemwambia basi.
Nikawa nalala na watu wasiokwisha.

Tarehe ishirini na saba, nje ya soko la Majengo,
nikanunua karanga kwa Mama Nyemo, koni ya mia mbili.
Nikazila. Nikakunjua karatasi nifute vidole,
na katikati ya mafuta na chumvi nikasoma:
*sindano ikaanguka, na sanda ikaanza kumshona yeye.*
Jua la saa saba, kati ya wauza mitumba,
nywele zikanisimama.

Basi nikala. Mungu anisamehe, nilikula kama panya wa ghalani.
Koni ya hesabu za darasa la tano.
Koni ya risiti ya saruji.
Koni ya tangazo la mnada wa ng'ombe, limepitwa na miaka miwili.
Koni, ee! Bi harusi kapata taulo.
Haikuwa taulo.
Mama Nyemo akanikazia macho: "Binti, una mimba?"
"Nina hadithi," nikamjibu.

Ikabaki ya kisima.
"Ya mwisho kwenye lile fungu," akasema, "kachukua yule kijana,
yule pale, mwenye sweta la shule."
Nikakimbia, viatu mkononi.
Kijana alikuwa ametafuna, ametupa, amesahau.
Karatasi ikapanda juu ya nguzo ya umeme,
ikageuka mara moja, nyeupe,
kisha nyekundu kwa vumbi,
kisha ikashika njia ya Nkuhungu kana kwamba inapajua.

Leo ni thelathini na moja.
Sechelela kaniletea bakuli: boga, limeungwa kwa karanga.
Umeme umeondoka tangu magharibi.
Hadithi ya kumi na mbili ni nzima, mpaka nukta,
ila siisomi.
Kwenye wavu wa dirisha kuna kitu kinagonga,
chepesi, kikavu, kinanyamaza kidogo, kinarudi.
Ni mtoto, au ni ukurasa wake.

Nimeshika komeo.
Kama ni wewe, ngoja.
Nimalize boga kwanza.